Maswali ya Wasomaji: Damu ni Kidogo, Tutumie Kipimo Kipi cha Aina ya Tishu?

Barua za safari hii karibu zote zimetoka mkoani Tanga, na zote zinazunguka jambo moja: kupima aina ya tishu, yaani HLA, pale damu inapokuwa haba. HLA ni alama zilizo juu ya seli ambazo kinga ya mwili huzitumia kutofautisha mwenyeji na mgeni. Jeni zake zimekaa pamoja kwenye kromosomu ya 6, na kila mtu amerithi fungu moja kwa baba na jingine kwa mama. Muhimbili walianza kupandikiza figo mwaka 2017, Hospitali ya Benjamin Mkapa ya Dodoma ikafuata mwaka 2018, na baadaye ikaingia kwenye upandikizaji wa uloto kwa watoto wenye selimundu. Ndipo maswali haya yalipoanza kutufikia kutoka mikoani.

SWALI: Salaam aleikum. Niko maabara ya hospitali, Tanga mjini. Kuna mtoto wa miaka minne, kilo 13, mwenye selimundu. Daktari anataka apimwe HLA pamoja na ndugu zake watatu. Mishipa ya mtoto inasumbua, tumepata mililita moja na nusu tu kwenye tyubu ya kifuniko cha zambarau. Naambiwa kipimo kinataka mililita kumi. Nimwite tena atolewe nyingine? — *Mteknolojia wa maabara, Tanga mjini*

JIBU: Wa alaykum salaam, ndugu. Usimwite. Mililita moja na nusu inatosha na inabaki, mradi kipimo kiwe cha DNA.

Hizo mililita kumi ni masalia ya serolojia, yaani kupima kwa kingamwili, mbinu ya visima vidogo ambayo Terasaki na McClelland waliitangaza mwaka 1964. Humo unaweka maikrolita 1 yenye limfosaiti (aina ya seli nyeupe za damu) hai zipatazo 2,000, unaongeza maikrolita 1 ya seramu ambayo kingamwili zake zinajulikana, kisha komplimenti ya sungura (protini za damu zinazoua seli iliyoshikwa na kingamwili), na unaangalia visima ambavyo seli zake zimekufa. Fanya hesabu. Mililita moja ya damu ya mtu mzima ina limfosaiti milioni 1 hadi 3. Ukizitenga kwa Ficoll, kimiminika kizito cha kutenganishia seli, unabakiwa na nusu hivi. Trei ya visima 72 inakula seli 144,000. Kwa daraja la kwanza, yaani A, B na C, bado unapumua. Daraja la pili, yaani DR na DQ, husomwa kwenye limfosaiti B pekee, nazo ni asilimia 10 hadi 15 ya limfosaiti zote. Hapo mara nyingi hujazi hata trei moja. Tena zote zinatakiwa zifike zikiwa hai, na basi la Tanga kwenda Dar es Salaam kupitia Segera na Chalinze mwezi wa Februari halikupi uhakika huo.

DNA haijali seli ni hai au imekufa. Kila seli nyeupe ina pikogramu 6.6 hivi. Damu yenye seli nyeupe 5,000 kwa maikrolita, ukichota maikrolita 200, una seli milioni moja, sawa na maikrogramu 6.6 kwenye makaratasi. Kolamu ya kawaida, yaani kijityubu chenye chujio linaloshika DNA, itakupa 3 hadi 6. Mtoto wa selimundu mara nyingi ana seli nyeupe 10,000 na zaidi, kwa hiyo utapata nzuri tu. (Mashine ya kuhesabu inaweza kuhesabu chembe nyekundu changa zenye kiini kama seli nyeupe. Kwa kazi hii haidhuru kitu, maana nazo zina DNA ya mtoto huyohuyo.)

Halafu pima na upande wa mgonjwa. Mtoto ana damu kama mililita 80 kwa kila kilo, kwa hiyo huyu ana 1,040 hivi. Kanuni ya tahadhari ni kutozidi asilimia 1 kwa mara moja. Mililita kumi zingemaliza kiwango chote, na mwenyewe tayari ana upungufu wa damu.

Gawa ulichonacho siku hiyohiyo. Toa mafungu mawili ya maikrolita 200 kwa kuchuja DNA, weka maikrolita 500 kwenye kijitungi kando na uigandishe kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri, na iliyobaki ikae kwenye friji, nyuzi 4, ambako DNA hustahimili siku tano bila shida. Usiligandishe na kuliyeyusha fungu moja mara kwa mara; ndiyo sababu ya kuligawa mapema.

Kabla hujatumia hata shilingi moja ya vitendanishi, angalia kama wale ndugu watatu wamepimwa himoglobini. Ndugu mwenye SS, yaani naye ana selimundu, hawezi kuchangia uloto, hivyo kumpima HLA ni kupoteza. Mwenye AS, aliyerithi jeni hiyo kwa mzazi mmoja tu, anaweza, na wengi wanamwondoa bila sababu. Kila ndugu wa baba na mama mmoja ana uwezekano wa asilimia 25 kulingana kikamilifu na mgonjwa. Kwa ndugu watatu, uwezekano wa kumpata angalau mmoja ni asilimia 58. Chukueni na damu ya wazazi wote wawili. Wao wana mishipa mizuri, na bila wao hutajua fungu lipi limetoka kwa nani.

SWALI: Sisi tuna mashine ya PCR na chombo cha kupitishia jeli, basi. Kwa nini tusifanye SSP hapahapa? Hizo mbinu nyingine zina faida gani kwa sampuli ndogo? — *Huyohuyo*

JIBU: PCR huzalisha nakala nyingi za kipande cha DNA, na SSP ni PCR iliyogawanywa kwenye visima vingi. Ni nafuu kwa mashine na ghali kwa DNA. Kila kisima kina praima (vipande vifupi vya DNA vinavyoanzisha unakili) za kundi moja la aleli (sura mbalimbali za jeni moja) pamoja na praima za jeni ya ushahidi ambayo kila binadamu anayo. Unaweka nanogramu 30 hivi kwa kisima. Trei ya visima 96 inakula karibu maikrogramu 3. Maana yake kolamu yako nzima imekwisha kwa kipimo kimoja, na jeli ikiharibika huna pa kurudia. Vilevile DNA ikiwa hafifu, mstari wa ushahidi hupotea kwenye visima viwili vitatu. Kisima kisicho na mstari wa ushahidi wala mstari wa aleli hakina jibu. Usikiandike "hasi". Kosa hili ndilo linalozalisha ripoti nyingi mbovu za SSP, kwa sababu jicho hupita haraka juu ya kisima cheusi kitupu.

SSP inabaki kuwa chaguo letu la kwanza pale swali linapokuwa moja: je, ana B27, kundi moja la aleli za HLA-B, au hana? Visima vichache, nanogramu 100 au 200, saa tatu hadi nne, umemaliza.

Kwa familia nzima tungeenda kwenye SSO ya shanga, yaani shanga ndogo zenye probu (vipande vifupi vya DNA vinavyotambua aleli), inayosomwa na mashine ya Luminex. Unazalisha lokasi nzima (mahali pa jeni moja) kwa PCR moja, ukitumia maikrolita 2 za DNA ya nanogramu 20 kwa maikrolita, yaani nanogramu 40 tu. Lokasi tano (A, B, C, DRB1, DQB1) ni nanogramu 200. Yaani maikrolita 200 za damu ya mtoto zinakupa nafasi ya kurudia zaidi ya mara kumi. Baada ya PCR unatenganisha nyuzi za DNA, unazichanganya na shanga zenye probu kwa dakika 15 kwenye nyuzi 60, unaosha mara tatu, unaongeza rangi, kisha unasoma. Kazi nzima ni saa tano au sita.

Mahali pake pabaya ni hizo nyuzi 60. Joto likishuka kidogo, probu hushika hata aleli isiyo yake na unapata chanya za uongo. Likipanda, chanya za kweli zinapotea. Mtu akitoa sahani kwenye mashine na kuiweka juu ya meza yenye feni huku akitafuta pipeti, tayari amebadilisha majibu. Kazi ya kuongeza kimiminika ifanyike sahani ikiwa palepale kwenye mashine. Kosa la pili ni kumwaga shanga wakati wa kuosha. Mashine inakuonyesha idadi ya shanga ilizosoma kwa kila probu, na ikishuka chini ya kiwango cha mtengenezaji, rudia.

Kusoma mfuatano wenyewe ni daraja la juu zaidi. Njia ya Sanger husoma eksoni (sehemu za jeni zenye maelekezo ya protini) ya 2 na ya 3 kwa daraja la kwanza na eksoni ya 2 kwa daraja la pili, lakini nakala za baba na mama zinasomwa pamoja, na mara nyingi jozi mbili tofauti za aleli zinatoa picha ileile. Mashine za kizazi kipya, pamoja na Nanopore inayosoma uzi mrefu kwa mara moja, zinautatua utata huo. Kiasi cha DNA wanachotaka si kikubwa. Wanachokidai ni uzi usiokatikakatika, kwa sababu jeni nzima ya daraja la kwanza ina besi (herufi za DNA) 3,000 na zaidi, na baadhi za daraja la pili ni ndefu kuliko hizo. Damu iliyolala siku nne kwenye joto inaweza kufaulu SSO vizuri na ikashindwa hapa.

Kuna pia PCR ya papo kwa papo, inayotoa majibu kwa saa mbili hivi. Imetengenezwa kwa ajili ya figo ya marehemu, ambako saa zinahesabika. Kwetu, ambako anayetoa figo ni ndugu aliye hai, haraka hiyo haina kazi.

Kwa hiyo kwa mtoto wako: SSO kwa familia yote kwanza. Akipatikana ndugu anayelingana kwa mafungu yote mawili, na wazazi wamethibitisha, hapo kazi kubwa imekwisha. Asipopatikana, na daktari akataka kutafuta mtu wa nje, sampuli ile uliyoigandisha ndiyo itakayokwenda kwenye kusoma mfuatano. Kwa mtu asiye ndugu, SSO pekee haitoshi.

Neno moja kuhusu Afrika: hazina ya aleli za HLA zinazojulikana sasa ina zaidi ya 40,000, na huongezwa kila miezi mitatu. Seti nyingi zilijaribiwa zaidi kwa damu za Wazungu. Ukitumia faili la zamani la kutafsiri majibu, watu wetu ndio wanaotoka na "haijulikani". Hakikisha faili ni jipya kabla ya kulaumu sampuli.

SWALI: Nimechuja DNA kwenye maikrolita 200 za damu ya mtoto nikapata nanogramu 6 kwa maikrolita, na kimiminika kina rangi ya waridi. Nimekosea wapi? — *Mwanafunzi wa maabara, Tanga*

JIBU: Waridi ni himoglobini, na himoglobini huizuia PCR. Damu haikuyeyuka sawasawa au haikuoshwa vya kutosha. Fuata hivi: kimeng'enya maikrolita 20 kwanza chini ya tyubu, damu 200, kiyeyushi 200, tikisa kwa nguvu kwa sekunde 15, kisha dakika 10 kwenye nyuzi 56. Damu ikiwa pungufu ya 200, jazia kwa PBS, maji ya chumvi ya maabara. Usipunguze vitendanishi vingine kwa kukisia.

Halafu weka ethanoli maikrolita 200, na hapa ndipo tunapokushuku. Inatakiwa asilimia 96 hadi 100. Ile spiriti ya asilimia 70 ya kupangusia ngozi ina maji mengi, DNA haishiki kwenye kolamu, inapita na kumwagwa na takataka. Vilevile ethanoli iliyoachwa wazi kwenye hali ya hewa ya pwani hunyonya unyevu, kwa hiyo fungua chupa ndogo na uimalize.

Baada ya kuosha mara mbili, zungusha kolamu tupu dakika moja zaidi ili ikauke; ethanoli ikibaki, nayo huizuia PCR. Mwisho toa DNA kwa maikrolita 50 badala ya 200. Iache bafa juu ya kolamu dakika tano kabla ya kuzungusha, kisha irudishe bafa hiyohiyo juu na uzungushe tena. Uwiano wa mwanga unaonyonywa kwenye nanomita 260 kwa 280, kipimo cha usafi wa DNA, uwe kati ya 1.7 na 1.9.

Damu ikiwa imeganda kwenye tyubu, usiitupe. Seli nyeupe zimenaswa ndani ya donge. Likatekate kwa ncha safi, ongeza proteinezi K (kimeng'enya kinachovunja protini), acha usiku kucha kwenye nyuzi 56, kisha endelea na kolamu.

SWALI: Daktari wa zahanati alitumia tyubu ya kijani. Damu ni nusu mililita ya mtoto mchanga. Je, ndiyo imeharibika? — *Tabibu, Korogwe*

JIBU: Tyubu ya kijani ina heparini ya kuzuia damu isigande, nayo huizuia PCR na haiondoki kirahisi. Usiitupe bado: zungusha, ondoa plazma yote, osha seli mara mbili kwa PBS, ndipo uchuje kwa kolamu. Ikigoma, kuna kimeng'enya cha heparinezi cha kuikatakata. Ni cha kuokolea sampuli isiyopatikana tena, si cha mazoea. Siku nyingine ni zambarau yenye EDTA, au ile ya njano yenye ACD, ambazo nazo huzuia damu isigande. Kwa watoto tumieni vile vijityubu vya nusu mililita. Ukitia nusu mililita kwenye tyubu ya mililita nne, EDTA inazidi mno; kolamu huiosha, lakini anayetia damu moja kwa moja kwenye PCR bila kuchuja atakwama, kwa kuwa EDTA hushika magnesi ambayo PCR inaihitaji.

SWALI: Nina binti wa miezi minane, bado ananyonya. Hospitali wamesema hawatamtoa damu, watampangusa shavuni kwa pamba ili wajue kama analingana na kaka yake. Mume wangu anasema hicho si kipimo cha kweli. — *Mama mzazi, Muheza*

JIBU: Mama, mwambie baba watoto kuwa ni cha kweli. Seli za shavu zina DNA ileile iliyo kwenye damu, na HLA husomwa humo bila tofauti. Lakini kuna jambo moja linalowahusu ninyi wawili: maziwa ya mama yana seli za mama. Mtoto akipanguswa mara tu baada ya kunyonya, maabara inaweza kusoma HLA yako pamoja na yake, na majibu yakatoka na aleli tatu mahali panapotakiwa mbili. Mnyonyeshe mapema, ungoje saa moja, umpe vijiko viwili vya maji yaliyochemshwa au umfute mdomo kwa kitambaa safi chenye maji hayo, ndipo apanguswe.

Waombe wachukue pamba nne, mbili kila shavu, wakisugua ndani ya shavu kwa sekunde 30 kila moja. Pamba ikauke hewani kabla ya kutiwa kwenye bahasha ya karatasi. Ikifungwa mbichi kwenye mfuko wa plastiki, bakteria za mdomoni zitakula kila kitu kabla haijafika Segera. Na akipatikana kuwa analingana, kipimo kitarudiwa kwa sampuli nyingine mpya. Msishtuke, huo ndio utaratibu.

Kwa wataalamu tunaongeza: kuna wagonjwa ambao pamba ni bora kuliko damu. Mwenye saratani ya damu anaweza kuwa amepoteza kipande cha kromosomu ya 6 ndani ya seli za ugonjwa, damu yake ikaonekana ina fungu moja tu. Aliyekwisha kupandikizwa uloto damu yake inasoma HLA ya mchangiaji, na hata shavu lake huwa na seli za mchangiaji, basi tafuta sampuli ya kabla ya upandikizaji. Aliyeongezewa damu karibuni huwa na shida ndogo tu, ila kama seli zake nyeupe ni chache sana, subiri au tumia pamba.

SWALI: Huku Pangani umeme haukai, na sampuli ni za watoto wa kuchoma kidoleni. Kadi za kukaushia damu zinafaa? — *Muuguzi, Pangani*

JIBU: Zinafaa sana, muuguzi, na adui yako ni unyevu wa bahari kuliko joto. Futa tone la kwanza, usikamue kidole, na uache tone lijae duara kwa mara moja kutoka upande mmoja. Duara lililojaa lina maikrolita 50 hadi 75. Kipande kimoja cha milimita 3.2 kinabeba maikrolita 3 hivi, seli nyeupe 15,000, na DNA isiyozidi nanogramu 100. Unachokipata hasa ni pungufu ya hapo. Vipande vitatu hadi sita vinatosha SSO ya lokasi tano.

Kadi ilazwe ikining'inia kwenye kingo mbili, isiguse meza. Saa nne ni kiwango cha chini. Wakati wa masika pwani, acha usiku kucha chumbani, mbali na jua na nzi. Usitumie kikaushio cha nywele wala kulundika kadi zikiwa mbichi. Kisha kila kadi kwenye bahasha yake ya karatasi, zote kwenye mfuko wa kufungika pamoja na vipakiti vya silika na kikadi kinachobadilika rangi unyevu ukiingia. Kikadi kikigeuka, badilisha silika siku hiyohiyo. Damu iliyokauka vizuri ni nyeusi kahawia. Ikibaki nyekundu mbichi, haijakauka.

Upande wa maabara: wengine huchemsha vipande na Chelex (chembechembe zinazonasa metali) kwa kuwa ni rahisi. DNA hiyo ni chafu na nyuzi zake zimeachana. Inatosha SSP ya swali moja, lakini si ya kupeleka kwenye kusoma jeni nzima. Tumia kolamu. Na katikati ya mtoto na mtoto, toboa karatasi tupu mara mbili tatu ili kitoboleo kisibebe damu ya aliyetangulia.

SWALI: Ripoti ya mtoto inaonyesha A\*30:01, B\*42:01, C\*17:01, DRB1\*03:02 na DQB1\*04:02, zote mara mbili. Wazazi si ndugu. Damu ilikuwa robo mililita. Niamini? — *Daktari, Tanga mjini*

JIBU: Usiamini wala usikatae mpaka umeona wazazi. Mstari huo wa aleli ni fungu la Kiafrika linalojulikana na kuonekana mara nyingi, kwa hiyo watu wawili wasio na undugu wanaweza kabisa kuwa nalo wote. Likionekana kwa baba na kwa mama, majibu ni ya kweli.

Likikosekana kwa mmoja wao, anza na uwezekano wa nakala moja kupotea kwenye PCR. Nanogramu 1 ya DNA ni seli 150 tu. Sampuli ikiwa hafifu, nakala moja hubahatika kuzalishwa mwanzoni na kuifunika nyingine. Hata DNA ikiwa tele, praima inaweza isishike aleli fulani kwa sababu ya besi moja tofauti mahali inaposhika. Ndiyo maana hurudii kwa seti ileile. Rudia kwa mbinu nyingine au seti ya kampuni nyingine. Nakala ikipotea kwa bahati, kwa kawaida ni lokasi moja au mbili. Lokasi tano zote kwa pamoja zinakuelekeza zaidi kwenye kubadilishana sampuli, au kupotea kwa kromosomu kama mtoto ana saratani ya damu.

Kubadilishana sampuli ndiko tunakokuogopa kuliko yote, kwa sababu familia hupimwa pamoja, majina yanafanana, na tyubu za ndugu zinasimama bega kwa bega. Ukimchukua mtoto mmoja mara mbili kwa bahati mbaya, utapata "ndugu wanaolingana kikamilifu" na kila mtu atafurahi. Kwa hiyo majibu yoyote ya kulingana yathibitishwe kwa sampuli mpya, iliyochukuliwa siku nyingine, ya mgonjwa na ya mchangiaji. Uchafuzi nao ni vilevile: chumba cha kuandaa PCR kiwe mbali na kinapofunguliwa bidhaa ya PCR, ncha za pipeti ziwe na chujio, na kisima cha maji matupu kiwepo kila safari. Kisima cha maji kikitoa jibu, safari nzima imekufa.

Yakibaki mashaka ya nani ni mzazi wa nani, hayo hayaandikwi kwenye ripoti wala kusemwa mbele ya familia. Mnapima ulinganifu, na ripoti inaishia hapo.

SWALI: Mgonjwa anatakiwa kuanza abakavir, dawa ya VVU. Maabara moja inaweza kunipa jibu la "B57" kwa bei nafuu. Linatosha? — *Mfamasia, Lushoto*

JIBU: Halitoshi. Aleli inayohusika na mzio mkali wa abakavir ni B\*57:01. Kwa Waafrika weusi hiyo ni adimu, na B57 inayoonekana zaidi ni B\*57:03, ambayo haina hatari hiyo. Zinatofautiana kwa amino asidi mbili tu, nafasi ya 114 na 116, zote kwenye eksoni ya 3. Jibu la "B57" litamnyima dawa mtu asiye na tatizo. Serolojia ya zamani ni mbaya zaidi, kwani B17 yake ilikusanya hata B58. Omba kipimo cha aleli yenyewe. Visima vichache vya SSP, hata damu ya kadi inatosha. Kwa familia zenye asili ya Ulaya au bara Hindi, B\*57:01 ni ya kawaida zaidi. Na mgonjwa aliyekwisha kupata mzio unaoshukiwa kuwa wa abakavir asirudishiwe dawa hiyo kamwe, hata kipimo kikiwa hasi.

SWALI: Mjomba anataka kumpa mpwa wake figo. HLA tumeshapima kwa kadi. Na kile kipimo cha kukutanisha damu kinafanyika kwa kadi pia? — *Msomaji, Ngamiani*

JIBU: Hapana. Hapo ndipo seli hai zinapohitajika kweli. Lakini mzigo unamwangukia mjomba, siyo mpwa: kinachokutanishwa ni seramu ya mpokeaji na limfosaiti za mchangiaji. Mpwa atatoa mililita 3 hadi 5 za damu kwenye tyubu nyekundu, ipatikane seramu mililita 1 au 2, itenganishwe na kugandishwa hapohapo Tanga. Mjomba atatoa mililita 20 kwenye tyubu za ACD au za heparini. Ile tyubu ya kijani inayoharibu DNA hapa haina ubaya. Damu ya mjomba isiwekwe kwenye friji wala juu ya barafu. Isafiri kwenye joto la kawaida la chumba, ndani ya boksi la kuzuia joto, ifike ndani ya saa 24. Seramu ya mpwa isafiri kwenye boksi lake lenye barafu. Tyubu, mfuko usiovuja wenye kinyonyaji, kisha boksi gumu la nje. Na saa ya kutolewa damu iandikwe kwenye tyubu yenyewe, siyo kwenye fomu peke yake.